Kikosi cha Kugandua Picha

Kulikuwa na nchi, na bado ipo ingawa ramani zinaona haya kuichora, iitwayo Shwarini. Watu wake wanaishi kwa amani kubwa. Amani yenyewe huamka alfajiri, huvaa buti, na hupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna mtu anayeisumbua.

Huko Shwarini kila kitu hurekebishwa kwa kupigwa. Jambo hili lina historia. Siku nchi ilipopata uhuru, redio ya Baba Mwanzilishi ilikatika katikati ya hotuba yake mwenyewe. Baba Mwanzilishi akaizaba kofi. Redio ikakohoa, ikaendelea. Waliokuwapo walilia kwa furaha, na lile kofi likaingizwa kwenye katiba, ibara ya kwanza, kabla hata ya bendera. Toka siku hiyo baiskeli inayogoma hupigwa, taa inayofifia hupigwa, mgonjwa asiyepata nafuu hupigwa, na shule isiyofaulisha huchapwa kuanzia mwalimu mkuu mpaka mpishi.

Mtandao ulipoingia nchini ukaleta utata kidogo. Serikali ilitoa boksi moja la mtandao kwa kila nyumba, na nyumba za Shwarini ni ndefu, zenye ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji kushoto na kulia. Wote hutumia boksi moja lililotundikwa ukumbini, juu, pembeni ya picha ya Baba Mwanzilishi. Boksi ni mali ya Serikali, na kulipiga ni uhaini. Sasa picha ya video ikiganda, au sauti ikianza kukatika kama ya mtu anayezama, apigwe nani? Wataalamu wa Wizara ya Kasi walikaa, wakafikiri sana, wakanywa soda, wakagundua kwamba kinachoweza kupigwa ni watumiaji.

Tangu hapo malalamiko yamepungua. Walalamikaji nao wamepungua.

*

Katika nyumba moja ya namna hiyo alikaa Bi Mwanamvua, muuza uji, na mwanawe wa pekee, Idarusi, kinyozi. Idarusi alikuwa kijana mpole mwenye ulimi mwepesi. Siku moja alikuwa anaongea na rafiki zake kwenye simu ya kikundi, sauti zikawa zinakatika, akasema, "Jamani, mtandao wa leo unatembea kwa magoti."

Wanaume waliovaa mashati yaliyopigwa pasi vizuri walimfuata kabla hajamaliza kucheka. Mteja aliyekuwa kitini aliachwa na nusu ya nywele. Kosa lilikuwa kuikashifu kasi ya taifa, na adhabu yake kitanzi.

Lakini Shwarini si nchi ya washenzi. Hakuna anayenyongwa kabla ya kuonekana mahakamani na kujibu kwa mdomo wake. Na kwa kuwa ni nchi ya maendeleo, kesi zote husikilizwa kwa simu ya video. Jaji huonekana upande mmoja wa kioo, mtuhumiwa upande wa pili, na mzazi wa mtuhumiwa, akiwa nyumbani kwake, ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha mtandao ni mzuri. Jaji huletewa kikombe cha chai. Mtuhumiwa akisema "Sikufanya" kabla chai haijaisha, kesi huendelea. Chai ikiisha na mtuhumiwa hajasema kitu, kesi imekwisha.

Kwa hiyo asubuhi ya kesi Bi Mwanamvua hakupika uji. Aliosha uso, akajifunga kanga mpya, akapita mlango kwa mlango.

Tausi, msichana aliyekuwa na mchumba ng'ambo na kuongea naye kwa video kutwa nzima, alizima simu mbele yake. "Mama Idarusi, hata kama akidhani nimepata mwingine, na adhani. Mwambie Idarusi akirudi namdai kunisuka."

"Kinyozi hasuki, mwanangu."

"Huyu anasuka. Wewe hujui tu."

Bwana Gervasi, aliyekuwa akisali na kikundi chake mtandaoni kwa sauti ya kutikisa vyombo, aliahirisha sala. "Mungu atasubiri," alisema. "Yeye mtandao wake haukatiki."

Chumba cha mwisho alikaa Babu Mfaume, mpenzi wa mieleka. Huyu alikuna kidevu. "Leo ni fainali, Mwanamvua. Lile jibaba la barakoa nyekundu linavunjwa mgongo leo."

"Babu, ni mwanangu."

Babu Mfaume akashusha macho. "Basi nimezima. Nenda kaongee na mtoto wako."

*

Bi Mwanamvua aliegemeza simu kwenye sufuria, juu ya stuli, chini kabisa ya boksi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha Mahakama ikatokea. Jaji alikuwa kushoto, amevaa joho, kikombe mkononi. Nyuma yake bendera. Kulia, katika kisanduku cha mtuhumiwa, alikaa Idarusi. Alivaa shati jeupe ambalo mama yake hakulijua. Nywele zilichanwa. Macho yalitazama mbele moja kwa moja.

"Idarusi! Mwanangu! Umekula?"

Idarusi hakusema neno. Jaji naye alikuwa amebaki mdomo wazi, kikombe hewani, kama mtu aliyeona nyoka. Bendera ilikuwa imesimama kwa pembe. Kisha sauti ya karani ikaja vipandevipande: "Ma...ma... mtan... wako... umega..."

"Umeganda," alisema Bi Mwanamvua.

Kwa sheria ya Shwarini, kesi ikiganda Kikosi cha Kugandua huja chenyewe bila kuitwa. Kilikuja upesi kuliko upesi, kwa sababu gari lao lilikuwa limeegeshwa nje tangu asubuhi, injini ikiwaka. Walisukuma mlango, mlango ukaanguka, wakaukanyaga wakiingia, na aliyekuwa mbele akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Kamanda Nyundo. Pole sana kwa usumbufu. Tunaomba mtu wa kuanzia."

Nyuma yake ukumbi ulijaa vijana. Kila mmoja alikuwa na rungu mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto, kwa maana Wizara ya Kasi hupima kazi kwa macho, na kila askari hutakiwa kurusha marekebisho mubashara, kutoka pembe yake, ili Waziri aone bidii ya kila mmoja. Kabla ya yote waliomba neno la siri la boksi. Bi Mwanamvua akalitaja. Vijana wote wakainamisha vichwa, wakaandika, wakajiunga.

Kwenye kioo, Jaji aliyekuwa ameganda akaganda zaidi.

"Wananchi!" alisema Kamanda, akigeukia simu za vijana wake. "Mtandao ni mshipa wa taifa. Mshipa ukiziba, taifa hupooza. Serikali yenu sikivu imetuma mikono yake kuuzibua. Tutafuata hatua zote za kitaalamu, bila papara na bila upendeleo. Mama, nani anatumia mtandao humu ndani?"

"Hakuna, mwanangu. Wote wamezima."

"Fikiri vizuri. Chai ya Jaji inapoa."

Hapo kutoka chumba cha mwisho ukasikika mshindo wa mtu akibwagwa ulingoni, na makofi ya watazamaji wa nchi nyingine. Mshindo mdogo, kama umetoka chini ya shuka.

Bi Mwanamvua alitazama kioo. Alimwona mwanawe amekaa wima, hapepesi. Akanyanyua kidole kabla hajakifikiria.

"Babu Mfaume," alisema. "Chumba cha mwisho. Anatazama mieleka."

*

Hatua ya kwanza ya kitaalamu, kama kila mwenye simu anavyojua, ni kuzima na kuwasha.

Babu Mfaume aliletwa akiburutwa kwa mguu, shuka limemfuata, simu yake imekanyagwa mlangoni. "Nilikuwa natazama mwisho tu," alisema. "Mwanamvua, mwisho tu, walikuwa wamebakiza..." Kijana mmoja akamzima kwa pigo moja la kisogoni. Sauti ilikuwa kama nazi ikidondoka sakafuni. Kisha akamwagiwa ndoo ya maji ili awake.

Hakuwaka.

Wakamwagia nyingine. Maji yalitembea ukumbini yakiwa mekundu, yakapita chini ya stuli.

Kamanda Nyundo alichuchumaa, akamfunua babu jicho, akalifunga. "Toleo la zamani," alisema kwa huruma. "Haya huwa yanagoma kuwaka. Serikali inatoa rambirambi. Picha ikoje?"

Picha ilikuwa imecheza kidogo. Jaji alikuwa amefunga mdomo. Chai ilikuwa imeshuka kidogo katika kikombe. Idarusi alikuwa vilevile.

"Mnaona?" alisema Kamanda. "Njia ni sahihi. Endeleeni."

Bi Mwanamvua alikuwa amekipakata kile kidole chake ndani ya kanga kama kilichoungua. Alitaka kumtazama Babu Mfaume, shingo ikakataa. Alitazama kioo tu. "Jibu, mwanangu," alinong'ona. "Neno moja. Sema sikufanya, watu hawa waondoke."

Hatua ya pili ni kumsogeza mtumiaji karibu na boksi, kwa kuwa umbali hudhoofisha mtandao. Bwana Gervasi alitolewa chumbani akiwa na kitabu chake cha sala. Alieleza kwa utulivu kwamba simu yake imezimwa. Kamanda akamweleza kwa utulivu zaidi kwamba simu iliyozimwa ndiyo ya hatari, maana haijulikani inafikiria nini. Wakampandisha, wakamfunga mikono kwenye boriti, uso wake ukiwa umebanwa ubavuni mwa boksi hata pua ikapinda. Kisha wakampiga nyayo. Bwana Gervasi alianza kusali. Walipofika magotini alikuwa hasali tena, anahesabu majina ya ndugu zake, na walipofika mbavuni alikuwa anasema "aa, aa, aa," kama mtu anayekubaliana na kila kitu.

Bendera kwenye kioo ikapepea mara moja. Jaji akanyanyua kikombe, akanywa, akashusha.

Idarusi hakupepesa.

"Kimebaki kipande kimoja tu," alisema Kamanda, akijifuta jasho. "Jaji ameganduka, bendera imeganduka. Mwanao, mama, ana mgando sugu."

"Ongezeni," alisema Bi Mwanamvua. Aliisikia sauti yake ikisema hivyo, ikamshangaza. "Nipigeni mimi."

"Haiwezekani. Wewe ndiye unayetazama picha. Tukikuzima wewe, nani atatuambia kama imekuwa nzuri? Hatua ya tatu!"

*

Hatua ya tatu ni kupunguza watumiaji.

Tausi hakungoja kuburutwa. Alitoka mwenyewe, ameinua simu yake nyeusi juu ili wote waione. "Nimezima. Tazameni. Nimezima tangu asubuhi. Mchumba wangu atadhani nimekufa."

"Tutamrahisishia," alisema kijana mmoja, na wenzake wakacheka, na rungu likatua mkononi. Vidole vya Tausi vikalia kama kuni kavu. La pili likatua mdomoni. Alianguka karibu na Babu Mfaume, akatema meno mawili katika yale maji, akabaki amelala chali, macho juu.

Na kwa kuwa macho yalikuwa juu, akaliona boksi. Boksi la Serikali lina mstari wa taa ndogo za kijani, taa moja kwa kila anayetumia. Zote zilikuwa zinawaka, zinachezacheza kama za harusini.

"Afande," alisema, na damu ikamtoka na neno. "Hizo taa."

"Taa zina nini?"

"Babu amekufa. Gervasi amezima. Mimi nimezima. Hizo taa zote ni za nani?"

Kamanda Nyundo alizitazama taa. Akazitazama simu za vijana wake, kila moja imeinuliwa, kila moja inarusha. Akazitazama tena taa. Kamanda alikuwa mtu wa sheria, na mtu wa sheria hujulikana siku sheria inapomgeukia.

"Afande," alisema kijana mmoja, sauti imepungua, "si tuzime simu tu?"

"Uzime simu wakati Mheshimiwa Waziri anatazama? Umfungie Waziri mlango usoni?"

"Hapana, afande."

"Hatua ya tatu inasema nini?"

"Kupunguza watumiaji, afande."

"Basi tupunguze. Kwa kufuata vyeo, kuanzia chini."

Yaliyofuata yalirushwa mubashara kutoka pembe zote. Wa chini kabisa alipigwa na aliyemzidi, na huyo na aliyemzidi, na kila aliyepigwa alishikilia simu juu mpaka mwisho, kwa uzalendo. Mafuvu yalipasuka kwa utaratibu. Mmoja aliomba apigwe upande wa kushoto, kwa kuwa ndio unaotoka vizuri kwenye picha. Mwingine alikufa akitabasamu, maana Waziri alikuwa amemtumia alama ya makofi. Kila simu iliyoanguka sakafuni na kupasuka, taa moja ilizimika kwenye boksi. Hatimaye akabaki Kamanda Nyundo peke yake juu ya rundo la askari wake, rungu mkononi, simu mkononi. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na wa kumtuma.

"Kwa kasi ya taifa," alisema, akapiga saluti, akajigonga utosini kwa nguvu zote, akaanguka.

*

Picha ikawa safi.

Ilikuwa safi kuliko picha yoyote aliyowahi kuiona Bi Mwanamvua. Aliona nyuzi za joho la Jaji. Aliona mvuke wa mwisho wa chai. Alisikia karani akikuna mguu. Alisikia feni ya mezani ikizunguka, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto.

"Idarusi!" aliita. "Sema sasa, mwanangu! Mtandao mzuri! Sema!"

Feni ikageuka kulia. Bendera ikapepea, makaratasi ya Jaji yakanyanyuka, na kidevu cha Idarusi kikajikunja juu mpaka kikagusa pua.

Bi Mwanamvua hakuelewa alichokiona. Feni ikaenda, ikarudi. Kidevu kikajikunja tena. Nyuma yake palionekana ubao wa kiti, mtupu. Karani akainuka, akanyata, akatoa kipande cha gundi mfukoni, akakibandika kidevu mahali pake, akakisugua kwa dole gumba, akarudi kukaa.

"Mheshimiwa," alisema Bi Mwanamvua. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, lakini mtandao ulikuwa mzuri, ilifika yote. "Mwanangu ni karatasi."

Jaji alikohoa. "Mama, hilo ni tatizo la mtandao wako."

"Yuko wapi?"

"Yuko hewani. Sote tunamwona."

"Mlimuua lini?"

"Mahakama haijamhukumu, inawezaje kumuua?" alisema Jaji kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Sheria inataka aonekane, ameonekana. Inataka aulizwe, ameulizwa. Mtuhumiwa Idarusi, una la kusema?"

Feni iligeuka. Gundi ilishika.

Jaji akamalizia chai yake, akakipindua kikombe juu ya sahani. "Atanyongwa mpaka afe. Asante mama kwa ushirikiano. Unaweza kukata simu."

*

Bi Mwanamvua hakukata. Aliinuka, akachukua kisu cha jikoni, akaishusha simu na sufuria, akapanda juu ya stuli, akamkata kamba Bwana Gervasi na kumshusha polepole. Alimfunika Babu Mfaume kwa shuka lake na kumwekea mkono kifuani. Neno alilokuwa nalo la kumwambia lilikuwa limechelewa. Kisha akamkalisha Tausi, akamfuta mdomo kwa kanga mpya.

Tausi alikuwa bado anatazama juu. "Mama Idarusi," alisema kwa shida. "Taa bado mbili."

Kweli. Taa mbili za kijani zilikuwa zinawaka kwenye boksi.

"Moja ni simu yangu," alisema Bi Mwanamvua. "Ya pili ni ya nani?"

Bwana Gervasi alikohoa akiwa sakafuni. "Mahakama," alisema. "Si wako hapa nyuma ya ukuta wa choo chetu? Walikuja kuomba neno la siri. Wanabana matumizi. Nikawapa. Niliona ni watu wazima."

Na ni kweli, huko Shwarini Mahakama Kuu ilikuwa imepakana na nyumba hiyo, paa kwa paa, na Bi Mwanamvua alikuwa akisikia karani wake akipiga chafya kila asubuhi anapokoroga uji. Hakuna aliyewahi kuona ajabu yoyote kupigiana video na jirani. Yalikuwa maendeleo.

"Basi hatua ya tatu haijaisha," alisema Bi Mwanamvua.

Akainama, akaufungua mkono wa Kamanda Nyundo kidole kwa kidole, akalitoa rungu. Tausi akachukua la kwake kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukufunga. Bwana Gervasi hakuweza kusimama. Akaegemea marungu mawili, akasema atawafuata hivyohivyo, na akifika ataona lipi la kuegemea na lipi la kutumia.

Bi Mwanamvua akaishika simu mbele yake, kioo kikitazama mbele ili Mahakama ione vizuri anakoelekea.

"Mama?" alisema Jaji. "Mama, kesi imekwisha. Kata simu. Haloo? Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, mheshimiwa."

Jaji akasogea karibu na kioo chake. Aliona mlango ulioanguka. Aliona uchochoro, na kona yake, na askari wa getini akiinuka kitini, kisha akilala vibaya. Aliona ngazi alizozijua. Aliona kapeti jekundu la koridoni, alilolichagua mwenyewe. Aliona mlango wenye jina lake, na mkono wa mwanamke ukikikamata kitasa.

Picha haikuganda hata mara moja.